Siku Niliyong'oa Nguzo ya Nyumba ya Kupumulia

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama kwenye majani pale saiti ya Sanje, mfuko wa misumari mkononi. Mke wangu Apolonia amelala chali, mikono ameitandaza kama nguo iliyoanikwa. Pembeni yake mwanamume mwingine amepiga magoti, ameshika tepu.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua ukurasa huu: mimi ni Kasmiri, fundi mwashi wa Mlabani, Ifakara. Shule niliiacha darasa la tano. Bibi Balbina, nesi mstaafu aliyefanya kazi ughaibuni hadi kustaafu, alinunua kiwanja chini ya mlima Udzungwa akataka ajenge mahali pa yoga. Watu waje wajinyooshe, wapumue, wakandwe, warudi kwao wazima. Sisi mafundi tukaliita jengo hilo nyumba ya kupumulia.

Kujenga nilipewa mimi. Kuchora ramani alipewa Beatus, mtu wa rika langu, kasoma Dar es Salaam, na kila mtu anamwita Injinia. Mke wangu nilimpeleka pale mwenyewe, akasuke mikeka ya ukumbini. Hilo la kumpeleka mwenyewe ndilo linaloniunguza.

Basi nikauliza, "Mnafanya nini?"

"Tunapima, Baba Edna," mke wangu akajibu. Hata hakuinuka.

"Mnapima nini?"

Beatus akatabasamu. Ana tabasamu la mtu ambaye hajawahi kufukuzwa mahali.

"Nafasi ya mtu mmoja, fundi mkuu. Jengo la namna hii halianzi na kuta, linaanza na mwili. Nikijua mtu mmoja akijinyoosha anakula nafasi kiasi gani, najua ukumbi uwe mpana kiasi gani."

"Na katika Sanje nzima, mwili wa kupimia uliouona ni wa mke wangu?"

"Ulikuwa karibu," akasema.

Jamani. Ulikuwa karibu!

Apolonia akainuka, akajifuta majani mgongoni, akaniambia kwa sauti ndogo, "Umenitia aibu." Mimi! Mimi ndiye niliyetia aibu!

Tangu siku ile sikupata amani. Mwenye wivu hatafutiwi ushahidi, anautengeneza mwenyewe kila asubuhi na kuunywa na chai.

Mke wangu alikuwa na mgongo mbovu. Miaka ya kuinama kwenye majaruba ya mpunga ilimmaliza. Beatus akamwonyesha namna ya kulala kwenye mkeka na kuvuta pumzi polepole, akasema ndiyo kazi litakayoifanya jengo, na mchoraji lazima aone kama inafanya kazi. Nyumbani kwangu ikawa ndiyo shughuli. Narudi, nimechoka, namkuta sakafuni amefumba macho.

"Chakula?"

"Subiri nimalize kupumua."

"Umepumua tangu uzaliwe bila kufundishwa na mtu. Leo unapumulia nini?"

"Napumulia mgongo, Baba Edna. Umepona, hujaona?"

Niliona. Alikuwa anatembea wima kama msichana. Ndicho hasa kilichoniuma. Mgongo niliouvunja mimi kwa kumlimisha, kaunyoosha mwanamume mwingine.

Halafu mazungumzo. Zamani tukila tuliongea habari za Edna, binti yetu aliyeolewa Malinyi, na bei ya mchele. Sasa ni ukumbi tu. Kwa nini ukumbi uwe wa mviringo: kwa sababu watu wakiketi duara hakuna anayekaa nyuma. Kwa nini upande wa mlimani usiwe na ukuta: kwa sababu jioni upepo wa baridi unashuka kutoka msituni na unatakiwa uingie wenyewe. Kwa nini sakafu iinuliwe juu ya nguzo fupi: ili maji ya mvua yapite chini yaende mtoni yalikokuwa yanakwenda siku zote.

"Injinia anasema jengo ni mgeni," akaniambia siku moja huku anachambua mboga. "Mgeni hamhamishi mwenyeji. Ndiyo maana hakuna mti uliokatwa."

"Injinia anasema, Injinia anasema. Na Kasmiri anasema nini?"

"Kasmiri alisema watumie tofali za kuchoma na mabati."

"Na nilikosea?"

"Ungechoma tofali kwa kuni gani, Baba Edna? Za mlimani? Beatus anasema tofali mbichi zilizokandwa vizuri, zikipata paa pana, zinakaa."

Nikaacha kutafuna.

"Nani anasema?"

"Injinia."

"Hukusema Injinia. Umesema Beatus."

"Kwani si jina lake? Wako akina Beatus wangapi pale?"

Mwezi wa tatu mvua ilipopiga, nilikwenda saiti nikiomba moyoni sakafu iwe imezolewa. Sikufichi msomaji, niliomba. Maji yalikuja kutoka mlimani, mekundu, yana magogo, yakapita chini ya sakafu kama watu wanaopita mlangoni kwa mtu bila kugonga. Hata tofali moja halikulowa. Mafundi wenzangu walimpigia Beatus makofi. Apolonia naye akapiga. Mimi nikaangalia timazi yangu ya kunyooshea ukuta kama kwamba ina kitu cha kuniambia.

Ikafika siku ya nguzo.

Hapa lazima mnielewe vizuri, maana hapa ndipo nilipojikata kwa panga langu. Mke wangu ni wa ukoo uliotoka upande wa Mahenge. Katika ukoo wao nguzo ya kati ya nyumba haishushwi kwenye shimo kavu. Mume na mke wanashika kibuyu kimoja kwa mikono yao minne, ndani mna unga wa mtama na maji, wanamwaga shimoni pamoja, ndipo nguzo inashuka. Ikiwa mwenye nyumba ni mjane, kama Bibi Balbina, wanaomwaga ni fundi mkuu na mkewe. Mjomba wake Apolonia, Mzee Viktor, anayeishi palepale Sanje, ndiye msimamizi.

Beatus alipoisikia mila hiyo alifurahi kupita kiasi. "Jengo likitaka kukaa vizuri na mlima," akasema, "likae vizuri na watu wa mlima pia." Akaichora nguzo ile katikati ya ramani, mahali sakafu ilipoachwa wazi hadi udongoni, mninga ulioangushwa na upepo, mmoja tu, unabeba paa lote la nyasi.

Asubuhi ya siku hiyo mke wangu akavaa kitenge kipya. Akajipaka mafuta. Akafunga kilemba mara ya kwanza, akakifungua, akafunga tena.

"Umejipamba kwa ajili ya nguzo," nikamwuliza, "au kwa ajili ya mwenye ramani?"

Akaniangalia kwenye kioo.

"Basi la Sanje linaondoka. Unakuja au huji?"

"Siji."

"Baba Edna, bila wewe kibuyu hakishikiki."

"Ndiyo maana siji. Nguzo na ilale chini. Tuone huyo Injinia atapumulia nini."

Hakubishana. Alichukua mkoba wake akatoka. Na mimi, mpumbavu, nikajiona nimeshinda.

Nilishinda kutwa pale mashineni kwa Kija. Kija ni Msukuma, ana mashine ya kukoboa mpunga, na mdomo wake unakoboa watu. Siku hiyo hakuwepo, alikwenda Sanje kufuata mpunga. Jioni akarudi na pikipiki, akaizima, akavua kofia, akanitazama akatikisa kichwa.

"Fundi, hongera. Nasikia umeozesha."

"Nimeozesha nani? Edna aliolewa zamani."

"Si Edna. Mama yake."

"Kija, sitaki utani leo."

"Na mimi sitanii. Nimekula na wali wenyewe." Akavuta kigoda. "Walikusubiri, kaka. Jua likapanda, wanaume wameshika nguzo mabegani mpaka wanatetemeka. Mjomba Viktor akasema bila mume shimo halimwagwi. Mara Injinia akasogea. Akasema, mimi nitashika mahali pake."

"Na mzee akakubali?"

"Alimwuliza mbele ya watu wote: kijana, unajua unachoshika? Jamaa akajibu, najua mzee. Basi. Mikono minne kwenye kibuyu. Chwaaa! Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wangu wangesikia kule Malinyi."

"Apolonia alikataa?"

"Mimi nilisimama nyuma. Sikuona uso wake. Mikono niliiona."

Apolonia hakurudi usiku ule, wala kesho yake. Kwa mila yao mwanamke aliyemwaga hakai mbali na nguzo mpaka paa lifunikwe, kwa hiyo alikuwa kwa mjomba wake. Nilijua hilo. Lakini nilijua pia kwamba Beatus amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka hapo.

Simu nilimpigia.

"Rudi nyumbani."

"Paa likifunikwa."

"Nani mumeo, Mama Edna?"

Akasema, "Nilikuwa na mmoja. Sikumwona shimoni." Akakata.

Jumamosi nikamwambia Kija anibebe. Nilikaa nyuma ya pikipiki nimeshika mtaimbo kama mkuki, na njia nzima Kija ananiambia, "Fundi, hiyo kitu ikinichoma mgongoni nakuacha Mang'ula." Sikucheka.

Tulipofika wote walikuwepo. Bibi Balbina na mwavuli wake. Mzee Viktor kwenye kiti chake cha kukunja. Mafundi wangu wanapanga chini fito za paa. Apolonia anasuka mkeka. Beatus kachuchumaa karibu naye, ramani imetandazwa katikati yao, wanazungumza wakiwa wameinamisha vichwa, na vichwa vile, ndugu zangu, vilikaribiana.

Sikumwamkia mtu. Hata mjomba sikumpa shikamoo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, nikachoma mtaimbo kwenye udongo.

"Fundi mkuu!" Beatus akaruka. "Hiyo ndiyo itakayobeba paa zima!"

"Hili paa lako litabebwa na nyingine."

"Kasmiri, jengo langu!" akalia Bibi Balbina.

"Baba Edna, acha." Huyo Apolonia. Hakupiga kelele. "Nakuomba, acha. Usiguse hiyo nguzo."

Angenipigia kelele ningeacha. Lakini sauti ile ya upole niliisikia kama anamwombea yule. Nikachimba. Niliuchimba unga wao, nikautoa nje na udongo wake. Kisha nikaikumbatia nguzo, nikaitikisa huku na huku kama jino, mpaka ikalegea, ikainama, ikaanguka puuu kwenye majani.

Watu wakaizunguka nguzo.

Mzee Viktor akauliza, "Umemaliza, mkwe?"

"Nimemaliza."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mjomba. Sasa hakuna kilichomwagwa hapa."

Mzee akavua kofia, akaiweka gotini.

"Basi mashahidi mmeona. Umemwacha mke."

Nikadhani anatania.

"Nimemwacha vipi? Nimeng'oa nguzo ya huyu bwana!"

"Kwetu mwanamume anayemwacha mke hasemi neno. Anang'oa nguzo mbele ya mjomba wake. Wewe umekuja mwenyewe, umeng'oa mwenyewe, mkeo amekuomba uache hukuacha, mimi nimekuuliza mara mbili."

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa Malinyi. Nimezaliwa kwenye maji. Kwetu mto ukija unang'oa nguzo zako, unahama, maji yakitoka unarudi unachimbia tena. Baba yangu aling'oa nguzo kila masika, na mama yangu alikuwa anamshikia kamba. Nani aling'oa nguzo akaambiwa ameacha mke? Miaka yote niliyokaa na Apolonia hili sikuambiwa, kwa sababu hakuna aliyewaza mtu mwenye akili angefanya hivyo.

"Mzee, samahani," Kija akadakia, "hapo mimi sijaelewa. Aliyemwaga naye ni Injinia. Aliyeng'oa ni Fundi. Sasa mama ameachwa na nani?"

"Anayeng'oa ndiye anayeacha."

"Duh! Fundi, umefika."

"Mjomba," nikasema, "ndoa haivunjwi na mtaimbo."

"Ipi? Ya kanisani? Kanisani mlifika?"

Kila mwaka Apolonia aliniambia twende kwa padri, na kila mwaka mimi nilisema tuvune kwanza.

"Hamkufika," mzee akasema. "Kilichowashikilia ni cha kwetu tu. Nacho kiko pale, kimelala kwenye majani."

Apolonia akasimama. Akaja mpaka kati yetu.

"Mjomba, nataka nisikie vizuri. Nimeachwa au sijaachwa?"

"Umeachwa, mwanangu."

"Haya."

Hakulia. Alikwenda akaketi juu ya nguzo iliyoanguka, akanyoosha mgongo, akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi polepole kama alivyofundishwa. Kila pumzi niliihesabu kama yangu inayotoka.

Hapo ndipo wivu uliponiacha, mara moja, kama mtu aliyeshushwa njiani. Kilichobaki ni hofu. Niliwaza nyumba ya Mlabani bila sauti yake. Nikapiga magoti kwenye udongo nilioufukua mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Sasa ndiyo unaniamkia?" Lakini akaitikia. "Marahaba."

"Nimekosa. Inarudishwaje?"

"Inarudishwa kwa posa. Upya, kama hujawahi kumwona. Na mshenga."

"Nitamleta kaka yangu kutoka Malinyi."

"Hapana. Mke aliyeachwa haletewi mshenga wa upande wako. Anamtaja mwenyewe, mtu anayemwamini. Huyo akikusemea vizuri, tunashusha nguzo na wewe unashika kibuyu. Akikataa kukusemea, nenda na mtaimbo wako." Akamgeukia mke wangu, yaani aliyekuwa mke wangu. "Apolonia, taja."

Akafumbua macho. Hakufikiri hata kidogo.

"Beatus," akasema.

Kija akakohoa. Bibi Balbina akafunga mwavuli. Na mimi nikaelewa nilipofikishwa: mtu niliyetoka Ifakara na chuma kumfuata, ndiye ambaye sasa natakiwa kumpigia magoti anirudishie mke.

Nikaenda. Hatua zile chache zilikuwa ndefu kuliko barabara yote ya Mang'ula. Beatus alikuwa anakunja ramani yake, taratibu, hanitazami.

"Injinia," nikaanza. Halikutosha. "Beatus. Kaka yangu. Maneno niliyokusema nimeyameza. Jengo lako ni zuri, niliona tangu siku ya mafuriko, roho ikanizuia kusema. Nguzo nitaisimamisha kwa mikono yangu. Nakuomba kitu kimoja. Niombee mke wangu."

Watu wote walisikia. Sijawahi kujishusha hivyo mbele ya mwanamume.

Akamaliza kuikunja ramani. Akaifunga uzi. Kisha akanipita, akaenda akasimama mbele ya Mzee Viktor, mikono nyuma.

"Mzee, mshenga ni mtu asiye na lake katika posa."

"Ndivyo."

"Basi mimi siwezi kuwa mshenga."

"Kwa nini, kijana?"

"Siku ile uliniuliza kama najua ninachoshika, nikakujibu najua." Sauti yake ilikuwa chini lakini haikuyumba. "Nilijua, mzee, kwamba anayeshika anashika mahali pa mume. Mimi sina mke."

Kofia ya pikipiki ilimponyoka Kija ikabingirika. Bibi Balbina akajishika kifua. Mafundi kwenye fito waliacha kufunga kamba. Hata mzee, ambaye sijawahi kumwona akishangaa, aliinuka kwenye kiti chake.

Nikamgeukia Apolonia, nione atakavyoshtuka.

Alikuwa ameketi palepale juu ya nguzo, anavuta pumzi polepole. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake hakuwa ameshtuka.